Maboksi 411 hadi 433

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, bila upepo. Ile alama ya maji kwenye ukuta wa chumba changu, ambayo mwaka jana ilikauka ikaacha rangi ya chai, imelowa tena. Nimeipima kwa utepe: sentimita kumi na moja kutoka darini.

Daftari hili amelileta binti yangu kutoka hospitali anakofanya kazi. Jaladani pana picha ya vidonge. Daftari tupu hunisumbua. Kwa miaka ishirini na miwili niliandika daftari la uchimbaji kila siku ya kazi: tarehe, hali ya hewa, kina cha shimo, kilichopatikana. Siku hizi hakipatikani kitu, lakini mkono haujapata habari.

5 Machi

Sm 13. Mkwe wangu ni fundi bomba. Nimemwonyesha ukuta. "Baba, mvua zikikatika nitapanda juu nikaangalie," amesema, akabeba begi lake kwenda kuziba mabomba ya watu wengine.

6 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

9 Machi

Nimepata barua kutoka nyumbani, ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Bahasha imeandikwa kwa herufi kubwa za wima. Kabla sijaigeuza nilijua ni ya nani.

Rula alikuwa mchoraji wetu wa makumbusho. Tulimwita hivyo kwa sababu hata mkate wa chai ya saa nne alikuwa akiukata kwa kufuata rula. Sasa ndiye mkurugenzi, amekalia kiti changu. Anaandika: "Shikamoo, Mkurugenzi. Ghala la nyuma linavuja na paa limeanza kulala. Serikali mpya imekubali pajengwe ukumbi mahali pake. Kabla hatujalihamisha naomba kukuuliza kama kuna jambo lolote kuhusu ghala ambalo tunapaswa kulijua. Nauliza kwa heshima, na nitapokea jibu lolote."

Jambo lipo. Naliandika hapa kwa sababu hata marehemu mke wangu hakulijua lote.

Kazi ya maisha yangu ilikuwa mitungi kumi na tisa. Kila mmoja ulikuwa na uso wa mtu shingoni, na nyuso mbili za kufanana hazikuwepo. Tuliifukua kwenye makaburi ya kilima kimoja, na kila mtungi ulitoka ardhini ukiwa vigae sitini, themanini, hata zaidi ya mia. Nilichukua miaka tisa kuiunga. Kisha wakaja wakubwa wapya. Kwanza shanga zilipelekwa nje "kwa maonyesho" zisirudi. Bangili za shaba zikafuata. Alhamisi moja walikuja watu watatu na utepe wakaipima mitungi yangu, na niliona wanachopima: walikuwa wanapima masanduku ya kuisafirishia. Walisema watarudi Jumatatu.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mimi na mtunza ghala tulifunga mlango wa maabara, tukailaza mitungi ndani ya makarai ya asetoni. Gundi ikayeyuka. Nyuso zikafunguka moja moja, pua huku, jicho kule. Tukafuta namba za wino kwenye kila kipande. Hakuna mwizi anayeiba vigae. Tukavipanga kwenye maboksi ishirini na matatu, tukamwaga vigae vya kawaida juu yake, na kila boksi nikalibandika karatasi: VIGAE VISIVYO NA ASILI, yaani vipande ambavyo hakuna anayejua vilichimbwa wapi, takataka ya kazi yetu. Namba 411 hadi 433, ghala la nyuma. Jumapili jioni nilivuka mpaka na mke wangu na mtoto wa miaka sita. Mtunza ghala alikufa mwaka uliofuata. Nimebaki peke yangu na namba mbili kichwani.

Nimwambie Rula? Mwezi mmoja kabla ya mambo hayo niliitwa kuhojiwa. Mbele ya ofisa palikuwa na karatasi inayonishtaki kwamba nawazuia watu wa serikali kuchukua mali ya serikali. Niliisoma juu chini. Herufi kubwa za wima, N yenye mguu mrefu wa kulia, 4 iliyofungwa juu. Nilikuwa nimeuona mwandiko ule kwenye kila mchoro wa makumbusho yangu. Miaka thelathini na moja imepita na bado nauona nikifumba macho.

14 Machi

Sm 19. Nimecheza drafti na Balozi, mkimbizi mwenzangu wa ghorofa ya chini. Hajawahi kuwa balozi wa popote. Ni ile suti anayovaa kila siku.

"Mkurugenzi, cheza. Au unangoja mvua ikate ndiyo usogeze kete?"

Anajua kwamba Rula aliniuza na kwamba kuna vitu nilivyoficha; namba hazijui. Nikamwambia nimepata barua ya Rula, anataka kujua mambo ya ghala. Hakuinua macho.

"Unajua utakachofanya," alisema.

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

"Yule alikuuza akiwa kijana ana meno yote. Sasa ana cheo. Ukimwambia leo, kesho viko mnadani." Akala kete zangu mbili. "Na wewe utasoma habari zake gazetini, unune wiki nzima, binti yako aje kuniuliza mimi umekula nini."

Nimepanda ngazi nikiwa na nafuu. Mtu akikwambia kile ulichokwisha kuamua, unamwona ana akili.

18 Machi

Sm 22. Mvua.

23 Machi

Barua ya pili ya Rula. Paa la ghala limeshuka zaidi. Vitu vyenye rejista wanavihamishia jengo la mbele. "Vigae visivyo na asili," anaandika, "tutavishughulikia kwa kufuata Mwongozo wako wa Ghala, kifungu cha kumi na nne."

Mwongozo niliuandika mimi, kurasa thelathini na nane, na nilijivunia Kiswahili chake. Kifungu cha kumi na nne naweza kukisoma usingizini: Vigae visivyo na asili iliyoandikwa, vikipita miaka ishirini bila kuulizwa na yeyote, vitolewe ghalani na vifukiwe.

Anajua. Haiwezekani awe hajui. Amenusa kitu kwenye yale maboksi na sasa ananitishia kwa maneno yangu mwenyewe, nitoke shimoni mbio. Tuliwinda panya wa ghala hivyo hivyo, kwa kupiga mlango.

29 Machi

Sm 30. Nimemwandikia Rula barua ya mistari minne. Nimeichana. Nimeandika nyingine ya mstari mmoja, nayo nimeichana. Vipande nimevitia mfukoni, siyo kwenye pipa, mazoea.

2 Aprili

Binti yangu alikuwa nyumbani leo. Ameziona barua mezani akauliza, nikamweleza. Alisikiliza akikunja nguo.

"Ile mitungi iliyokuwa inanitisha?"

"Ulikuwa unaupenda mmoja. Ule wa mzee asiye na sikio la kushoto. Ulikuwa unauita Babu."

"Nilikuwa naamkia mtungi." Akacheka kidogo. "Shikamoo Babu. Na wewe unajibu kwa nyuma, marahaba." Kisha akaacha kukunja. "Baba, mama aliacha vyombo vyake vyote kule. Aliacha mama yake mzazi. Kumbe siku tatu zile ulikuwa unaosha mitungi."

"Nilikuwa naificha."

"Basi mwambie yule mtu iko wapi, yaishe."

"Huyo ndiye aliyeandika mashtaka yangu."

"Una uhakika?"

"Mwandiko naujua."

Alinitazama jinsi anavyowatazama wagonjwa wanaomwambia wamemeza dawa. Akabeba nguo akaondoka.

6 Aprili

Sm 34. Rangi ya ukuta imeanza kuvimba.

11 Aprili

Barua ya tatu, fupi. "Wajenzi wanaingia tarehe ishirini. Mkurugenzi, kama kuna neno lolote, ulitamke sasa. Hatakulaumu mtu."

Hatakulaumu mtu! Yeye ndiye anayeniahidi kutonilaumu. Nimesoma mstari huo mara nyingi, na kila mara damu imenipanda upya.

15 Aprili

Sm 38. Nawaza: vikifukiwa, vitakuwa ardhini. Vilikaa humo miaka elfu na zaidi bila kudhurika. Ardhi haiuzi mtu. Akivifukia kweli, basi hajui, na vitu viko salama. Akiwa anajua, hatavifukia, na mimi sitakuwa nimemsaidia kuiba. Kwa vyovyote vile, kunyamaza ni sawa.

Nimeiandika hoja hii ili niione. Imesimama vizuri. Binti yangu angesema ni ya mtu ambaye hajatoka nje siku nne.

20 Aprili

Leo ni tarehe ishirini. Mvua kutwa. Sm 41. Nimecheza drafti na Balozi nikamshinda mara mbili.

21 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua. Sikutoka.

29 Aprili

Naandika polepole ili niandike sawa.

Asubuhi binti yangu alikuwa akitafuta karatasi ya umeme kwenye droo ya jikoni. Akakutana na bahasha ya Rula, ile ya kwanza. Akaishika, akaitazama, akatazama rafu. Wiki iliyopita, kwa kukosa kazi, nilimwandikia vibandiko vya makopo yake yote: CHUMVI, SUKARI, DENGU, MAJANI YA CHAI.

"Baba," alisema, "siku hizi unajiandikia barua mwenyewe?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akalishusha kopo la dengu akaliweka kando ya bahasha. N yenye mguu mrefu wa kulia, mbili, zimesimama kama mapacha. Nikachukua kopo nikalipeleka dirishani. Kisha nikachukua bahasha. Binti yangu akafikiri ni utani wake umenichukiza. "Nilikuwa nacheka tu, Baba."

Mwandiko ule niliwafundisha mimi. Mwaka wa kwanza wa ukurugenzi wangu niliwakalisha wafanyakazi wote kumi na mmoja, kuanzia karani hadi mfagiaji, nikawafundisha kuandika namba juu ya vigae kwa namna moja, ili mtu wa baadaye asibabaike. Miezi mitatu, kila Jumatano. Aliyekosea mguu wa N alirudia ukurasa. Nilifanikiwa kabisa. Hakukuwa tena na mwandiko wa mtu pale, ulikuwepo mwandiko wa makumbusho, na makumbusho yalikuwa mimi. Ile karatasi ya ofisa ingeweza kuandikwa na yeyote kati ya kumi na mmoja. Kwa ushahidi niliokuwa nao, ningeweza kuwa nimeiandika mwenyewe. Na kwa ushahidi huo nimemhukumu mtu miaka thelathini na moja.

"Piga simu," nilimwambia binti yangu. "Makumbusho. Sasa hivi."

Ilichukua nusu saa kupata namba. Iliita mara sita. Akapokea mtu wa mapokezi, akaenda kumwita. Nilisikia viatu vyake kwenye sakafu. Ukumbi ule wa mbele bado una mwangwi.

"Haloo?"

"Rula," nilisema.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Sikiliza vizuri. Maboksi mia nne kumi na moja hadi mia nne thelathini na tatu. Yatoe ghalani, uyaweke mahali pakavu, asiyaguse mtu."

"Ghala halipo tena, Mkurugenzi. Tumebomoa."

"Yalipo, basi."

"Ya kitu gani hayo?"

"Vigae visivyo na asili."

Nikasikia akivuta kiti na kukaa. "Hayo tumefuata kifungu cha kumi na nne."

"Lini?"

"Tarehe ishirini. Wajenzi walianza asubuhi kuchimba shimo la msingi kona ya kaskazini, tukavimwaga humo. Nilisimamia mwenyewe. Siku ya pili wakashindilia kwa mashine. Zege limemwagwa juzi."

"Mmeshindilia."

"Ndiyo kazi ya mashine, Mkurugenzi. Ukumbi utakuwa wa ghorofa mbili."

Binti yangu alikuwa amenishika bega. Nikamwambia Rula: "Ilikuwa mitungi. Ile kumi na tisa. Niliifungua kwa asetoni, nikaificha kwenye hayo maboksi."

Akasema, polepole, kama mtu anayesoma namba iliyofutika: "Sisi tulijua umeiuza."

"Nani?"

"Wote. Miaka yote hii. Ulitoweka Jumapili, nayo ikatoweka Jumapili. Nilikuandikia ili useme. Nilitaka tu useme, tufute kwenye rejista, tuandike imeuzwa."

"Mimi nilidhani unaitafuta uiuze."

Hakukata simu wala mimi sikukata. Mwishowe akauliza kama huku mvua inanyesha. Nikamwambia inanyesha. Akasema huko pia.

Siku tisa. Na kifungu kinasema "bila kuulizwa na yeyote". Hakikutaka ushahidi wala maelezo. Ilitosha mtu mmoja aulize: yale maboksi bado yapo? Rula aliniuliza mara tatu. Mimi sikuuliza hata mara moja.

30 Aprili

Sm 46.

3 Mei

Balozi amepanda juu mwenyewe, bila suti. Binti yangu alikuwa amekwisha kumwambia.

"Rula nilimpa mimi anwani yako," alisema akiwa bado mlangoni. "Aliniandikia kuuliza kama uko hai. Nikamjibu yuko hai, anapima ukuta."

"Na yale ya mnada?"

"Nilisema ulichotaka kusikia, mzee mwenzangu. Ungekuja kuniuliza ukitaka kusikia kingine, ningesema kingine." Akakaa kitandani kwangu, akaitazama alama ya maji. "Mwezi ujao naenda kutembea nyumbani. Wanasema mtu anaweza kuingia na kutoka. Nikuletee nini?"



8 Mei

Mvua. Binti yangu ameviondoa vibandiko vyote kwenye makopo. Sasa hatujui chumvi ni ipi.

17 Mei

Barua ya nne ya Rula. Ndani yake mna mchoro wa kona ya kaskazini kwa kipimo cha moja kwa hamsini: upana wa shimo, kina, mshale wa kaskazini, vyote kwa wino, safi. Amechora kitu ambacho hakuna atakayekiona. Chini ya mchoro anaeleza kwamba kabla ya kumwaga vigae aliweka sarafu moja ya mwaka huu chini kabisa ya shimo. Ni desturi yetu ya kufunga shimo, ili atakayechimba tena siku moja ajue kuwa wenzake walikwisha kupita, na ajue mwaka. Nilimfundisha mimi. Wajenzi, anasema, walimcheka.

Amewauliza wahandisi kama zege linaweza kufunguliwa. Nguzo mbili za ukumbi zimesimama juu ya kona hiyo. Na hata likifunguliwa, anaandika, "wewe unajua kuliko mimi kigae kilichopitiwa na mashine kinakuwaje." Najua. Kinakuwa changarawe.

Kisha, aya ya mwisho:

"Kuhusu ile karatasi uliyoonyeshwa ulipohojiwa. Sijui kama umewahi kumjua mwandishi wake. Niliiandika mimi. Waliniambia niandike, nikaandika. Mke wangu alikuwa amejifungua siku nne. Nimekaa kwenye kiti chako miaka kumi na miwili nikingoja uniulize. Nilidhani kwa kuwa wewe uliiuza mitungi na mimi nilikuuza wewe, tumelingana. Sasa hatujalingana."

Kwa hiyo nilikuwa nimepatia tangu mwanzo. Mwandiko ulikuwa wake. Nimekaa na barua hii toka adhuhuri nikiitafuta ladha ya kupatia. Sikuipata. Mtu yule yule aliyeniuza ndiye aliyeniandikia mara tatu kwa heshima, akavisimamia vigae visivyo na thamani vikizikwa, akavitilia sarafu kwa sababu mimi nilisema iwe hivyo. Vyote viwili ni kweli, na hakuna kinachonirudishia hata jicho moja.

Sijamjibu. Sijui kama nitamjibu.

24 Mei

Mvua zimekatika. Siku nne kavu. Mkwe wangu amepanda juu kama alivyoahidi. Akashuka na kipande cha bomba, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. "Ni haka tu, Baba. Robo saa." Mchana amepaka rangi ukutani. Ukuta ni mweupe, sina cha kupima.

Binti yangu amekuja kukaa. Ameuliza kama Babu naye yumo.

"Yumo. Boksi mia nne kumi na tisa."

"Unaikumbuka yote, kila boksi?"

"Yote."

"Basi iandike," alisema. "Ndiyo kazi yako."

Nikamwuliza niiandike kwa ajili ya nani. Alinyanyua mabega, akaenda kazini. Kwa hiyo naandika.

Ukumbi mpya, kona ya kaskazini. Tabaka la kwanza: zege, sentimita kumi na tano. Tabaka la pili: mchanga, sentimita tano. Tabaka la tatu: vigae vilivyoshindiliwa, sentimita arobaini, vya asili mchanganyiko, humo mna mitungi kumi na tisa ya nyuso. Tabaka la nne: ardhi yenyewe, haikuguswa. Juu yake sarafu moja.

Boksi 411: mtungi wa kwanza, uso wa mwanamke, vigae sabini na viwili. Boksi 412: mtungi wa pili, uso wa mtoto, mdomo wazi, vigae hamsini na tisa. Boksi 413 na 414: mtungi wa tatu, mkubwa, uso wa mwanamume, chale tatu kila shavu, vigae mia moja na vinane.

Nimefika boksi 419. Mtungi wa saba, uso wa mzee, vigae sitini na sita. Sikio la kushoto halipo. Tulichekecha udongo wote wa kaburi lile mara mbili, halikupatikana.